Ndama Aliyefaulu Mtihani

Kwa miaka mingi nimekana kwamba niliwahi kumpenda mtu yeyote anayeshika kipaza sauti. Nimekana mbele ya wahariri, mbele ya wanafunzi walionialika niwazungumzie, na mara moja mbele ya mtangazaji mmoja, aliyeniuliza kwenye kipindi chake ni nani aliyenivutia nilipokuwa mdogo, huku akinitazama kama mtu anayesubiri kutajwa. Nilimjibu kwamba hakuna. Alikimbilia swali lililofuata, nami nikaondoka nimeongeza sifa ya ukali ambayo tayari nilikuwa nayo ya kutosha.

Kazi yangu ni kutazama televisheni na kuilalamikia gazetini mara moja kwa wiki. Nilisomea fasihi chuo kikuu, nikaandika tasnifu ndefu kuhusu ushairi ambayo nadhani tumeisoma mimi na msimamizi wangu tu, na sasa nalipwa kusema kwamba mchekeshaji wa Jumatano anacheka mzaha wake kabla sisi hatujausikia, kwamba msomaji wa habari za usiku anasoma bei ya mahindi kama mtu anayetangaza msiba, na kwamba yule mama wa kipindi cha mapishi hajawahi kula anachokipika. Wasomaji huniandikia wakiniuliza ni nani basi ninayemwona anafaa. Huwa siwajibu. Ukweli ni kwamba ninacho kipimo, na kipimo chenyewe ni mtu ambaye sikuwahi kumwona uso. Alikuwa akisema kutoka ndani ya gari, Nakuru, miaka ya hamsini. Nilimpenda. Sikusema kwa sababu ndiye aliyemfanya baba yangu achekwe na mtaa mzima, na mtoto aliyelelewa vizuri hampendi mtu kama huyo.

Tuliishi kwenye landhi za reli, vyumba vilivyounganishwa mstari mmoja kama mabehewa. Mlango wetu ulitazamana na mlango wa mama mmoja aliyeuza chai na mandazi kando ya uwanja wa mpira. Wazazi wangu walikuwa wametoka magharibi, kama wengi pale. Baba alikuwa stesheni, mtu wa pointi, na kazi yake ilikuwa kubadilisha njia za treni: alivuta chuma hiki na kusukuma kile, treni ya Kisumu ikaenda kwake na ya Nairobi kwake. Alikuwa mtu mkimya. Mama alisema maneno yake yote aliyamaliza siku ya kuposa.

Televisheni ilikuwa bado haijafika nchini. Tulichokuwa nacho ni gari la sinema la serikali, lililokuja kila baada ya wiki kadhaa likiwa na vipaza sauti viwili juu ya paa. Wafanyakazi wake walifunga shuka jeupe kwenye milingoti ya goli, na giza likiingia tu wakaanza, kwa sababu ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari na watu walipaswa kuwa ndani kabla ya kafyu. Filamu zilikuwa za inzi, vyoo, chanjo na ng'ombe, na mwishoni, kama zawadi ya uvumilivu wetu, moja ya watu wanaofukuzana kwa farasi. Zilisema Kiingereza au hazikusema kitu kabisa. Yote yalikuwa mamoja, maana mle ndani ya gari kulikuwa na mtu aliyeizima sauti ya filamu na kutueleza mambo kwa Kiswahili, na alichotueleza hakikuwa kile kilichokuwa kwenye filamu.

Alifanya kazi yake hivi. Gari lilifika mchana. Yeye alibaki ndani, mlango ukiwa wazi kidogo, akinywa chai ya yule jirani yetu, na watu wakaenda mmoja mmoja kusimama pale mlangoni kumpa habari za mtaa. Sisi watoto tulifukuzwa tusikaribie. Mimi niliambulia kiwiko chake tu, ndani ya shati la kaki. Jioni habari zile zilitoka kwenye vipaza sauti zikiwa zimevishwa filamu. Mtu kwenye shuka akichimba choo, sauti ilisema, "Huyu bwana anachimba kwa sababu jirani zake wamechoka. Anakaa mlango wa mwisho. Shati anafua Jumamosi tu, maana Jumapili kwaya inamweka karibu na mjane." Uwanja uliangua kicheko na mtu mmoja akatazama viatu vyake. Mtu wa farasi akimwelekezea mwenzake bastola, sauti ilisema, "Anamwambia, rudisha baiskeli ya watu." Kesho yake asubuhi baiskeli ilikutwa imeegemezwa ukutani. Hakutaja jina la mtu hata siku moja. Hiyo ilikuwa sheria yake, na kila mtu aliijua.

Siku iliyofuata, pale bombani tulipoteka maji, ndipo uhakiki ulipofanyika. Nimekaa kwenye mikutano ya kitaaluma isiyofikia nusu ya ukali ule. Mama hakuwasamehe wanawake wa kwenye filamu kwa namna walivyokoroga uji. "Yule hana moto," alisema. "Anakoroga maji. Wanatuona sisi wajinga." Mwingine alishikilia kwamba mkulima wa filamu ya inzi ni mtu wa mkono wa kushoto, na mwingine akaapa kwamba ni wa kulia, na ilichukua muda kabla ya mtu kukumbuka kwamba wa kwanza alikuwa amekaa nyuma ya shuka. Nyuma ya shuka picha ilionekana vizuri tu, ila imegeuka. Sisi tulikaa huko siku zote, kwa kuwa mama hakupenda kusukumwa na watu, kwa hiyo nilikua nikijua kwamba watu wote wa kwenye sinema hutumia kushoto.

Baba alikuja mara chache. Alivutiwa na treni tu. Siku moja ilionyeshwa filamu yenye stesheni, akasimama akasema kwa sauti kwamba ishara zimewekwa upande usiofaa na treni ile itagongana na nyingine.

"Mzee, uko nyuma ya shuka," mtu akamwambia.

Baba aliketi. "Hata hivyo," akasema.

Mimi sikuja kwa ajili ya treni wala farasi. Nilikuja kusikiliza. Yule mtu hakucheka kwanza. Alisema neno lake, akanyamaza, akawangoja watu wafike wenyewe, na walipofika alikuwa ameshaendelea na jambo lingine kana kwamba hakusema kitu. Nilikwenda nyuma ya landhi na kopo la maziwa mdomoni nikijaribu kunyamaza kama yeye. Ni vigumu sana. Mchekeshaji wa Jumatano hajaweza hadi leo.

Basi ikawa nimefaulu mtihani wa darasa la nne. Mwalimu alikuja nyumbani mwenyewe kusema kwamba nimepata nafasi katika shule ya bweni ya misheni, ya wasichana, na kwamba jibu linatakiwa kabla shule hazijafunguliwa. Mama alifurahi hadi akachemsha chai ya maziwa matupu. Baba alisema tungoje kaka yake.

Kaka yake, baba yangu mkubwa, alikuwa nyapara kwenye shamba la mzungu kule Kabazi. Babu yangu alikuwa amefariki zamani, kwa hiyo baba mkubwa ndiye aliyesimama mahali pa babu, na hakuna jambo la nyumba yetu lililoamuliwa bila yeye. Alishuka Nakuru kila mwisho wa mwezi kwa lori la maziwa, amevaa koti zito hata jua likiwaka. Alisikiliza habari zangu, akala, akanawa mikono, kisha akatoa uamuzi. Mkewe alikuwa amejifungua mapacha. Mimi ningeenda Kabazi kuwabeba.

"Darasa la nne linatosha," alisema. "Anajua kusoma barua. Hizo barua zenyewe atapata ngapi?"

"Lakini shemeji, mtoto amefaulu," mama akasema.

"Mimi sijakataa kufaulu. Nimekataa kwenda."

"Ndiyo, kaka," baba akasema.

Alipoondoka mama aligonga sufuria moja baada ya nyingine bila sababu. "Wewe ni ndiyo kaka, ndiyo kaka. Treni ikikuangukia utasema ndiyo kaka." Nililala nikifikiria mapacha, mmoja mgongoni na mmoja kifuani, na shule ikifunguliwa bila mimi.

Mwisho wa mwezi uliofuata baba mkubwa alikuja kunichukua. Shule zilikuwa karibu kufunguliwa na nguo zangu zilikuwa zimefungwa kwenye kitambaa. Siku hiyohiyo gari la sinema lilifika. Mchana baba alisema anakwenda kunyolewa. Alirudi baada ya muda mrefu na nywele zilezile, akasema kinyozi ana watu wengi. Kisha akamwambia kaka yake kwamba lori la kurudi Kabazi halitaondoka hadi kesho, na mtu aliyekaa shamba muda wote huo anastahili kuona sinema. Baba mkubwa alikubali kama anayemfanyia mtu hisani.

Tulikuwa na kiti kimoja tu chenye mikono, cha baba. Alikibeba mwenyewe kichwani hadi uwanjani. Mama alianza kuelekea nyuma ya shuka.

"Leo tunakaa mbele," baba akasema.

"Kwa nini?"

"Kaka asije akaona watu wa mkono wa kushoto."

Aliweka kiti mbele kabisa, katikati, na baba mkubwa akaketi ndani ya koti lake. Watu wengine wote walikuwa chini kwenye nyasi. Baba aliketi chini pia, pembeni ya kiti, kofia juu ya goti.

Filamu ya kwanza ilikuwa ya chanjo, na siikumbuki. Ya pili ilikuwa ya maonyesho ya mifugo. Mkulima mmoja mwembamba alisimama na ndama wake, na daktari wa mifugo akampapasa ndama masikio na meno, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Sauti ikaanza, taratibu.

"Daktari anamwambia huyu bwana, ndama wako nimempima, amefaulu. Wengine wameshindwa, huyu amefaulu. Mpeleke kule juu akakae na ndama wenzake wenye akili."

Mkulima akakataa kwa kichwa.

"Bwana anasema, siwezi. Daktari anauliza, kwani nyasi hakuna? Bwana anasema, nyasi iko. Ni kaka yangu. Kaka yangu yuko Kabazi, na huko Kabazi wameamua ndama akifika darasa la nne inatosha."

Nilicheka. Nilicheka kwa sababu ilikuwa inachekesha, kabla sijajua ndama ni nani. Nilipojua, aibu yangu ni kwamba niliendelea. Watu walianza kugeuka wakitutafuta.

"Na msidhani huyu bwana ni mjinga," sauti ikaendelea bila haraka. "Mchana kutwa anaelekeza treni. Ya Kisumu huku, ya Nairobi kule, hakuna iliyopotea. Ni huyu ndama mmoja tu amemshinda kuelekeza."

Akanyamaza. Uwanja mzima ulifika kwa pamoja. Kwenye shuka akatokea mzee mnene, mmoja wa waamuzi wa maonyesho, ameketi kwenye kiti kikubwa, na sauti ikasema tu, "Huyo ndiye kaka." Basi watu wote mle uwanjani wakatazama kiti kimoja kilichokuwapo, na mtu aliyekikalia. Baba hakusogea. Alikuwa akiitazama filamu kama anayehesabu mabehewa.

Tulirudi nyumbani. Baba alibeba kiti. Karibu na mlango, baba mkubwa alisimama.

"Wametaja Kabazi," akasema.

"Wametaja, kaka."

"Kabazi mara mbili."

"Hiyo ni gari ya serikali," baba akasema. "Inazunguka kila mahali. Sijui wiki ijayo iko wapi."

Baba mkubwa aliliwaza hilo muda mrefu. Nadhani aliiona akilini filamu ile ikionyeshwa Subukia, karibu na Kabazi, vibarua anaowasimamia wamekaa kwenye nyasi, na yule mzee mnene kwenye kiti. "Mimi sikusema asiende kabisa," akasema hatimaye. "Mpeleke. Mpeleke huyo ndama wao." Asubuhi alipanda lori bila kunywa chai.

Kwa hiyo nilikwenda shule, na hadi nilipoondoka watoto wa landhi waliniita Ndama. Lakini mama hakuweza kufurahi sawasawa. Mume wake alikuwa amefanywa kichekesho mbele ya watu, na alitaka kujua ni nani aliyepeleka habari kwenye gari. Hakutafuta mbali. "Ni nani mwingine?" aliuliza. "Alikunywa chai kwa nani?" Jirani yetu wa mlango uliotazamana na wetu, yule wa chai, aliapa kwamba hakusema neno. Mama hakumwamini. Tangu siku hiyo hakuazima chumvi kwake wala kumkopesha kaa la moto, na walipokutana bombani mmoja alipata kitu cha kuangalia angani. Iliendelea hivyo hadi reli ilipomhamisha mume wa jirani. Baba alisema mara moja tu, "Muache huyo mama." Lakini kila alipolipwa alinituma, nikiwa likizo, kumpelekea sukari kwenye karatasi. Mama alisema Ukristo wa baba umezidi.

Nami nilibaki na tatizo langu. Bila yule mtu ningebeba mapacha. Kwa sababu ya yule mtu baba yangu alichekwa. Nilikwenda sekondari, nikaenda chuo kikuu, nikafundishwa maneno makubwa ya kueleza kicheko ni nini na kinamtumikia nani, na hakuna hata moja lililonisaidia. Niliamua kwamba njia ya heshima ni kumkana. Siku nilipohitimu nilimuuliza baba kama aliumia siku ile.

"Siku gani?"

"Ya ndama, baba."

Alifikiri. "Ilikuwa filamu nzuri," akasema. "Wale ng'ombe walikuwa na afya."

Alistaafu, akajenga Kiamunyi, nje kidogo ya Nakuru, akafariki huko bila kuongeza lolote. Mama bado yuko, ana televisheni kubwa kuliko yangu, na bado hawasamehe wanawake wanaokoroga uji bila moto.

Mwaka huu mhariri alitaka sisi wote wa safu za burudani tuandike juu ya mtangazaji tunayemkumbuka. Nilijaribu kukwepa, nikashindwa, na kwa kukosa muda nikaandika ukweli, au sehemu yake: gari, shuka, choo, baiskeli, namna alivyonyamaza. Ndama sikumgusa. Niliandika kwamba pale Nakuru tulikuwa na sauti iliyojua kazi yake, na kwamba sijui ilikuwa ya nani.

Siku chache baadaye msichana wa simu ofisini aliniita. "Kuna mzee kwenye laini. Amekataa kusema jina. Anasema nikwambie ni gari ya sinema."

Nilichukua simu. Sauti ilikuwa imezeeka na kukauka, lakini ilikuwa ileile. Alisema ana duka dogo Longonot, karibu na reli, na kwamba alikuwa anafungia mteja sukari alipoliona gari lake kwenye karatasi ya gazeti.

"Umeandika vizuri," alisema. "Lakini kuna moja umeacha. Iko mtu wa pointi, pale stesheni. Ya ndama."

Nilimwambia kwamba huyo alikuwa baba yangu.

Akanyamaza, kama zamani, na mimi nikangoja. "Basi wewe ndiye ndama," akasema.

"Ni mimi. Mzee, nataka kuuliza kitu kimoja. Ni nani alikuletea habari zetu? Ni yule mama wa chai?"

"Mama wa chai?" Alishangaa kweli. "Yule alikuwa hasemi. Anauza chai tu. Ni baba yako alikuja."

Nilimwomba arudie.

"Alikuja mchana, kofia mkononi. Ndiyo sababu sijasahau. Watu wote walikuwa wananiletea habari ya jirani. Huyo peke yake alileta yake. Ananiambia, leo unicheke mimi. Namwambia, bwana, utaumia. Anasema, kaka yangu nimeshindwa kumkatalia, na siwezi kumkatalia, ni kama baba. Lakini gari ya serikali ikisema, hapo si mimi. Halafu akaniambia nisisahau Kabazi. Alirudia hiyo. Bila Kabazi haitafanya kazi. Na akasema atamweka kwenye kiti, mbele, nitamwona."

Msichana wa simu alikuwa ameacha kuandika, akinitazama. Nilimgeuzia mgongo.

"Huyo kaka alikubali?" mzee akauliza.

"Alikubali usiku uleule."

"Haya." Nilisikia mtu akimwomba kiberiti, na droo ikifunguliwa na kufungwa. "Ila unisamehe moja, mama. Ile ya ndama ilikuwa yangu. Yeye alitaka niseme tu binti. Lakini filamu niliyopewa ilikuwa ya ng'ombe, sasa ningefanya nini?"